Nimehamia Mwanza na naanza upya leba: je, miezi yangu ya Dar es Salaam imepotea?

*Shikamoo Mama. Mimi ni mhitimu wa shahada ya uuguzi na ukunga. Nilianza mafunzo tarajali katika hospitali moja jijini Dar es Salaam, nikapita wodi ya wazazi kwa miezi miwili na kuzalisha akina mama wengi tu. Kwa sababu za kifamilia niliomba kuhama kituo, nikaruhusiwa, na sasa nipo hospitali ya wilaya mkoani Mwanza, karibu kabisa na ziwa. Katikati hapo nilikaa nyumbani karibu miezi mitatu nikisubiri kibali. Mkunga kiongozi wa hapa ameniambia nitaanza kwa kuangalia, kisha nitazalisha yeye akiwa pembeni, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wanatumia partografu ya zamani, yaani ile karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, wakati mimi nilifundishwa mwongozo mpya, na kwa mtazamo wangu wanaandaa rufaa mapema mno. Kisukuma sijui hata neno moja. Jirani yangu ni nesi mstaafu anayezalisha nyumbani kwake, naye ameniambia niwe naenda kwake siku za mapumziko ili nisipoteze mkono. Je, miezi yangu ya Dar imepotea? Na nifanye nini nisionekane sijui kitu?*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja: umefika mahali ambapo hakuna aliyekuona ukifanya kazi, na unaona uchungu kupimwa upya na watu wasiojua ulikotoka. Nakujibu moja kwa moja kwamba miezi yako haijapotea. Vilevile nakuambia, ingawa huenda hutapenda kusikia, kwamba mkunga kiongozi wako yuko sahihi, na ningeshangaa kama angekupa zamu ya usiku peke yako wiki ya kwanza kwa sababu tu kitabu chako cha kumbukumbu kina sahihi nyingi.

Vijana wengi wanaotoka vyuoni huamini kwamba ujuzi wa ukunga umo mikononi, kwamba mtu akishajua kupima njia, kulinda msamba na kutoa kondo, basi anaweza kuyafanya hayo popote alipo. Kwa uzazi unaokwenda vizuri hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Uzazi unapoharibika, nusu ya ujuzi iko katika mahali penyewe. Chukua mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mimba ikiwa imetimia, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni kati ya mililita 500 na 700 kila dakika, na kinachoifunga mishipa hiyo kondo likishatoka ni misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo hujikaza na kuibana mishipa inayopita katikati yake. Misuli hiyo ikilegea, hakuna kitu kingine mwilini kinachoweza kuifanya kazi hiyo kwa haraka inayohitajika. Ndiyo maana tunachoma oksitosini, dawa ya kuikaza misuli hiyo, uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, tukishahakikisha kwamba hakuna pacha tumboni, na ndiyo maana damu ikizidi tunafanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja: kusugua mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, maji ya mshipa, na uchunguzi wa michaniko. Utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko maalumu badala ya kukisiwa kwa macho, na hatua hizo zikatolewa kama furushi moja bila kusubiriana, uvujaji mkubwa na madhara yake hupungua kwa asilimia 60.

Hayo yote unayajua. Sasa jiulize kuhusu wodi uliyopo leo. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Friji iko chumba gani, na umeme ukikatika saa nane ya usiku nani anawasha jenereta? Asidi ya traneksamiki iko kwenye trei ya dharura au imefungiwa famasi, na ufunguo anao nani? Daktari wa zamu anakaa ndani ya uzio wa hospitali au anatoka mjini? Kundi la damu lisilopatikana hapa huombwa wapi, na huchukua muda gani kufika? Kule Dar majibu ya maswali haya uliyajua bila kujua kwamba unayajua, kwa hiyo akili yako ilibaki huru kumwangalia mama. Hapa kila moja ya hayo litakuomba usimame ufikiri, na kusimama huko ndiko kunakokula dakika. Kumtazama mtu mgeni kwa wiki chache ni njia ya kumpa nafasi ya kuyajua haya kabla hayajahitajika, hata kama aliyekupangia hivyo hakuwa na muda wa kukueleza.

Kuna sababu ya pili ambayo sidhani umeifikiria, nayo ni akina mama wenyewe. Ukanda wa ziwa una malaria, una kichocho cha tumbo, hasa kwa jamii za wavuvi na wanaochota maji na kufua ufukweni, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye selimundu kwa wingi. Yote matatu yanaishia kwenye upungufu wa damu. Ongeza kwamba utakutana mara nyingi na mama wa uzazi wa sita, wa saba au zaidi, ambaye misuli ya mji wake wa mimba imechoka na hulegea kwa urahisi baada ya kujifungua. Mililita 500 za damu ambazo mama mwenye hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 12 huzipoteza akaendelea kuzungumza nawe zinaweza kumzimisha mwenye 7. Kwa hiyo, mzazi anapopokelewa, macho yako yaende kwenye kadi ya kliniki kabla ya kitu kingine: hemoglobini yake ya mwisho ilikuwa ngapi na ilipimwa lini, amekunywa dozi ngapi za SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, ni uzazi wa ngapi, aliwahi kuongezewa damu au kupasuliwa? Kama hemoglobini haijapimwa miezi ya karibuni, omba ipimwe leo, siyo baada ya kujifungua.

Sasa tuje kwenye partografu na rufaa, kwa sababu hapa ndipo naona umeanza kuwahukumu wenzako, na historia ya chombo hiki itakusaidia. Mistari miwili ya ile partografu ya zamani, wa tahadhari na wa hatua, ilitokana na kazi ya madaktari Philpott na Castle huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na waliichapisha mwaka 1972. Tatizo lao lilikuwa umbali. Wakunga walikuwa kwenye zahanati za pembezoni na chumba cha upasuaji kilikuwa hospitali kuu. Mstari wa tahadhari ulimwambia mkunga kwamba uchungu wa mama huyu umeanza kwenda polepole, aanze kuandaa safari. Mstari wa hatua uliwekwa saa 4 mbele, ili mama awe ameshafika mahali penye uwezo kabla jambo lenyewe halijawa la kufa na kupona. Umbali wa njia, kwa maneno mengine, umechorwa ndani ya karatasi yenyewe.

Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2020, umeiondoa mistari hiyo kwa sababu za msingi. Ilishaonekana kwamba wanawake wengi hawafunguki sentimita moja kila saa na bado hujifungua salama, na kwamba kuwaharakisha kulikuwa kunaleta dripu na visu visivyohitajika. Ndiyo maana unahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5 badala ya 4, na kila sentimita ina kikomo chake cha muda: saa 6 kwa mama aliyebaki kwenye 5, na muda mfupi zaidi kadiri anavyosogea mbele. Nakubaliana na mwongozo huo. Hata hivyo, haukuandikwa ili mtu mmoja autumie kichwani mwake katika wodi ambayo wengine wote wanajaza karatasi nyingine. Mama akianzishiwa rekodi kwa kanuni moja, akapokelewa zamu ya jioni na mtu anayesoma kwa kanuni nyingine, kuchelewa kwake kunaweza kupita bila mtu yeyote kugundua. Jaza karatasi ya wodi, kwa kanuni za karatasi hiyo, kwa ukamilifu. Ukishazoeleka, omba dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi ueleze ulichofundishwa. Ningeanza na jambo dogo lisilohitaji karatasi mpya, kwa mfano kusubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana na kukata kitovu kwa mtoto anayepumua vizuri, kwa kuwa damu inayomfikia kutoka kwenye kondo katika muda huo humwongezea akiba ya madini ya chuma, na huku upungufu wa damu hauwaachi hata watoto.

Kuhusu kwamba wanaandaa rufaa mapema, mapema kwa kulinganisha na wapi? Ulikotoka, mama akihitaji hospitali kubwa zaidi, kikwazo kilikuwa foleni ya magari. Hapa kuna siku ambayo chumba cha upasuaji cha wilaya kina mgonjwa mwingine mezani, damu salama imekwisha, na njia iliyobaki ni kumpeleka mama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Kanda ya Bugando. Kwa wanaotoka upande wa Sengerema mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, maana zamani ambulensi ilisubiri kivuko kama magari mengine. Kwa wa Ukerewe, Ukara na visiwa vidogo vya wavuvi, maji yangalipo, na ziwa likichafuka usiku hakuna nahodha mwenye akili timamu atakayeng'oa nanga kwa sababu mtarajali amebadilisha mawazo. Mkunga anayefanya kazi mahali kama hapo hutoa uamuzi akiwa bado hana uhakika kamili, kwa sababu akisubiri uhakika, njia itakuwa imefungwa. Ukiona mama ameandaliwa rufaa halafu akajifungua salama njiani au baada ya kufika, usihesabu kwamba wenzako walikosea.

Lugha nayo isikutishe, kwani wengi utakaowapokea wanazungumza Kiswahili vizuri. Ila wapo bibi na wapo mabinti kutoka vijijini ambao uchungu ukikolea hurudi kwenye lugha ya nyumbani, na mtu akikusalimu kwa lugha yako, hata kwa kukosea, bega lako hulegea kidogo. Jifunze salamu, mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya mchana, na wabeja ya kushukuru, kisha mwombe mhudumu wa wodi akufundishe maneno ya kazi: sukuma, usisukume, pumua, inauma wapi, damu. Andika nyuma ya daftari lako. Ukifika visiwani, usidhani kila mtu ni Msukuma. Kuna Wakerewe, Wajita na Wakara, na watakupenda zaidi ukiuliza.

Lugha ina faida nyingine kubwa kuliko salamu, kwa sababu ndiyo itakayokupa jibu la swali la mama amekunywa nini kabla ya kuja. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu zinatumika kwingi nchini, na kwenye vijiji vya ziwa utazikuta. Baadhi zina nguvu ya kuukaza mji wa mimba kama ilivyo oksitosini, isipokuwa hakuna ajuaye kipimo chake. Mji wa mimba unapojikaza, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua, na hupata nafasi ya kurudi pale misuli inapopumzika. Mikazo ikifuatana bila mapumziko, mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, huanza kushuka, na kwa mama wa uzazi mwingi au mwenye kovu la upasuaji, mji wa mimba unaweza kuchanika. Ukiongeza dripu ya oksitosini juu ya dawa usiyoijua, umemwongezea hatari kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo uliza, lakini uliza ukiwa mmebaki wawili, mama mkwe akiwa nje, na kwa sauti isiyo na lawama: “Nyumbani walikupa kitu chochote cha kukusaidia uchungu?” Mama aliyekaripiwa mapokezi hatakuambia kweli, na mama anayeambiwa asilie atanyamaza hata pale kilio chake kingekuwa ndiyo dalili pekee.

Hofu yako ya kupoteza mkono ina ukweli, na ndiyo sababu nyingine ya kukubali kusimamiwa. Mikono haisahau yote kwa kiwango kimoja. Kupima njia na kupokea mtoto hurudi haraka, pengine ndani ya siku chache. Kinachotoweka upesi ni yale tunayoyafanya kwa nadra na kwa haraka, hasa kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika ya kwanza. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iligundulika kwamba mafunzo ya siku moja yaliwapa wahudumu alama nzuri kwenye mwanasesere bila kubadilisha walichokifanya kwa watoto halisi. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara ndani ya wodi yenyewe, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Basi usingoje semina. Kila unapoingia zamu, fungua meza ya mtoto, kagua kwamba ambu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, ipo, barakoa ya saizi ya mtoto ipo na inabana vizuri, kisha mpulizie mwanasesere, au hata uufinye mfuko hewani, kwa dakika mbili. Wenzako wakikucheka wiki ya kwanza, wiki ya tatu watakuomba uwaonyeshe.

Kwa jirani yako nitakuwa mkali. Usiende. Sina shaka kwamba ana mikono mizuri na pengine amezalisha watu wengi kuliko mimi. Lakini wewe hujapata leseni ya kujitegemea, ukunga nchini unaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kinachokuruhusu kumgusa mzazi wakati huu ni usimamizi wa kituo ulichopangiwa. Sebuleni kwa jirani usimamizi huo haupo. Mama akianza kuvuja damu pale, hamna friji ya oksitosini, hamna damu, na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe mwenye jina kwenye orodha ya watarajali. Uzazi wa namna hiyo hauandikwi kwenye kitabu chako, na ukiuandika utakuwa umeghushi. Mheshimu kama mzee wa kazi, kunywa naye chai, muulize jinsi alivyowatuliza akina mama wakati hakukuwa na vifaa. Na kama majirani wanamfuata kwa mazoea, msaidie kuwashawishi waje hospitali pamoja naye kama msindikizaji, kwa maana mama mwenye mtu wa kumshika mkono huzaa vizuri zaidi, na hilo lina ushahidi.

Yako mambo ambayo hutakiwi kuyavumilia kwa jina la unyenyekevu wa mgeni. Ukiachwa peke yako na mama mwenye shinikizo la damu la juu, kifafa cha mimba, kovu la upasuaji au mtoto aliyetanguliza makalio, usisubiri kuonekana jasiri. Piga simu kwa mkunga wa zamu na daktari, na uandike saa uliyopiga. Ukiombwa kusaini kipimo ambacho hukukifanya, kataa kwa adabu. Ukiona mzazi anapigwa kofi au anatukanwa, mwambie mkunga kiongozi au muuguzi mkuu ana kwa ana, siyo kwa ujumbe wa kundi la simu. Na ukimpoteza mama au mtoto, nawe usiku ukaanza kukosa usingizi, kuogopa kuingia zamu au kuona picha zile zile kila ukifumba macho, na hali hiyo ikazidi wiki mbili, nenda ukaonane na mratibu wa watarajali na uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Pale Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, na mkunga akienda huko kama mgonjwa hajafanya jambo la aibu.

Limebaki suala la miezi miwili ya Dar. Kinachoihamisha ni maandishi, na simulizi haitoshi. Hakikisha kila ukurasa wa kitabu una tarehe, jina na sahihi ya msimamizi, na muhuri wa hospitali uliyotoka. Kama kuna ukurasa wenye pengo, ujazwe sasa, kabla aliyekusimamia hajahamishwa naye. Omba barua ya hospitali hiyo inayotaja wodi ulizopita na tarehe za kuanza na kumaliza. Toa nakala, uzipeleke kwa mratibu wa watarajali wa kituo chako kipya, na umwombe akujibu kwa maandishi ni wodi zipi zimekubaliwa na zipi utarudia, kwa kuwa jibu la mdomo halitakusaidia siku utakapopeleka nyaraka zako Baraza. Hata wakikubali miezi yote miwili, ningekushauri uombe wiki kadhaa za ziada leba, maana wodi unayoingia sasa hujawahi kuifanyia kazi. Mkunga kiongozi mwonyeshe kitabu hicho hicho, kisha mwambie mambo mawili ambayo unataka akuangalie unapoyafanya, na moja ambalo hujawahi kulifanya kabisa.